Usitupe hedifoni sababu sponji zimebabuka, badilisha sponji (ila usikurupuke)

Mtu ana hedifoni nzima kabisa, spika zinalia vizuri, waya hauna shida, ila sponji zimebabuka zinamwachia unga mweusi masikioni na kwenye kola ya shati, basi anaitupa kabatini au anampa mtoto achezee. Kitu kinaniuma hicho. Mi nna Sony MDR-7506, ile yenye kistika cha bluu, modeli ya tangu 1991 ambayo mpaka leo ukiingia studio za redio unaikuta, na nilishawahi kuivaa karibu mwezi mzima sponji zikiwa zimechakaa hivyohivyo, siku moja natoka kazini napita kwa muuza chips naona ananiangalia sana shavu, kujifuta hivi nakuta vipande vya ngozi kama nimetoka kufagia jiko la mkaa.

Ile siyo ngozi kwanza. Ni kitambaa kilichopakwa polyurethane, plastiki flani laini, na adui yake ni joto, jasho na unyevu, vitu ambavyo Dar, Mombasa na Unguja tumejaliwa vya kutosha. Hata ukiiweka droo bila kuivaa inaoza tu taratibu kwa unyevu wa hewa. Kwahiyo usijilaumu eti hujui kutunza vitu, na usihangaike kuipaka mafuta ya nazi au gundi, ikishaanza kuchanika ndo imeenda hiyo.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapokosea, mi nikiwa wa kwanza. Tunadhani sponji ni mto tu wa kuegeshea sikio. Sponji ni sehemu ya spika bana. Ile nafasi kati ya sikio lako na spika ni kachumba kadogo, na sponji ndo kuta zake, ukibadili kuta umebadili sauti. Besi hasa ndo inategemea kachumba kazibe vizuri, hewa ikivuja hata kwa tundu dogo besi inakimbia. Jaribu sasa hivi kama unayo karibu: weka wimbo wenye besi nzito, nyanyua sponji ya upande mmoja kidogo tu usawa wa taya, uone besi inavyopotea kama mtu kafunga bomba.

Mi niliponunua sponji mpya mara ya kwanza nilichukua za mahameli, zile za kitambaa chenye manyoya laini, maana nilichoka jasho. Raha ya sikio ilikuwa ya kweli, saa tatu nne sihisi kitu. Ila mahameli inapitisha hewa, besi ikapungua, na mi sikushtuka, nikakaa namiksi demo ya dogo mmoja wa mtaani naona mbona besi haipo, naongeza, bado, naongeza tena. Jioni tukaenda kuiskiliza kwenye gari ya kaka yake, wee, vioo vinatetemeka na sauti ya dogo haiskiki kabisa. Kosa halikuwa la biti wala la gari, ni sponji zilikuwa zimenidanganya.

Kwahiyo kabla hujanunua jiulize unataka nini. Kama unamiksi au unahariri sauti na masikio yako yameshazoea hedifoni ilivyo, tafuta za kampuni yenyewe au zinazofanana nazo kabisa kwa umbo, unene na kitambaa. Bei yake kwa kawaida ni sehemu ndogo sana ya hedifoni mpya. Kama unaskiliza tu mziki na shida yako ni joto, mahameli sawa, ila jiandae kurudisha besi kidogo kwenye ikwalaiza, ile sehemu ya simu au kompyuta ya kuongeza na kupunguza besi, anza na desibeli 3 hivi chini ya Hz 150, yaani zile sauti nzito za chini, afu uskilizie. Za ngozi ya kondoo zenyewe zinaziba vizuri, laini, hazibabuki kirahisi kama zile za plastiki, ila bei yake imechangamka na joto lipo palepale. Kuna pia za mseto, kitambaa upande unaogusa ngozi na ngozi pembeni, hizo kwangu ndo zimekaa katikati.

Unene nao uuangalie. Sponji nene inasogeza sikio mbali na spika, mara nyingi unaskia mziki umepata nafasi kidogo, haujakubana kichwani, ila besi na sauti ya mtu vinaweza kurudi nyuma. Nyembamba au iliyopondeka inafanya kinyume, sikio linakaribia spika, na mbaya zaidi ncha ya sikio inagusa kile kiplastiki cha ndani, baada ya nusu saa inawaka moto. Kama unaumia sehemu hiyo, shida yako siyo ulaini wa sponji, ni kina. Tafuta yenye kina zaidi.

Vipimo: usinunue kwa macho. Chukua rula upime kikombe cha hedifoni, lile ganda linalobeba spika, kwa nje, urefu na upana kwa milimita, maana zingine ni duara na zingine ni yai, afu andika na jina kamili la modeli. M40x na M50x za Audio-Technica zinavaa sponji moja, ila usidhani kila kampuni iko hivyo. Kuna muuzaji alinihakikishia "hii inaingia zote", kufika nyumbani pindo limepwaya, sponji inazunguka kichwani kama kofia ya mtu mzima kwa mtoto.

Haya tufanye kazi sasa. Nawa mikono, kaa mezani penye mwanga, tandika kitambaa cheupe ili kitu kikidondoka ukione. Hedifoni ichomoe kwenye kifaa.

Kwa 7506 na nyingi za aina yake, sponji ina pindo nyuma, kama pindo la foronya, ambalo limeingia kwenye kijimfereji kinachozunguka kikombe. Ingiza ukucha au kidole gumba chini ya pindo upande mmoja, livute nje polepole kisha fuata mzunguko, itatoka yenyewe. Usitumie bisibisi, ikiteleza inaenda moja kwa moja kwenye spika na hapo hamna tena cha kubadilisha. Ndani utakuta kiduara cha sponji nyembamba kimefunika spika. Hicho USIKITUPE. Kinachuja uchafu na kinalainisha trebo, zile sauti nyembamba za juu, ukikitoa hedifoni inakuwa kali, s na ch zinachoma masikio. Kama kimeoza kinamomonyoka kitafutie mbadala wa unene uleule, na sponji mpya nyingi zinakuja bila hicho kiduara kwahiyo usishangae.

Ukishafungua angalia kama kuna nywele au vipande vya ngozi vimeingia kwenye nyavu ya spika. Unywele mmoja tu ukigusa ule utando wa spika unaotetemeka kutoa sauti unaleta kamlio kama nzi kwenye chupa kila besi ikipiga, watu wanadhani spika imekufa kumbe ni unywele. Geuza kikombe kiangalie chini, pigapiga mgongo wake na kidole, kilichoonekana juu ya nyavu kitoe kwa kibano au ncha ya tepu. Usipulize kwa mashine ya upepo na usiguse utando. Kijimfereji kisafishe na kijiti cha masikio kilicholowekwa kidogo, maana ile ngozi iliyooza huwa inaganda humo kama ubuyu.

Kuvalisha ndo watu wanapotukana. Sponji mpya mara nyingi imefika imebanwa kwenye pakti, itoe uiache ipumue usiku mmoja, uifinyefinye kidogo pindo lilainike. Kisha chomeka pindo chini kabisa ya kikombe kwanza, lishikilie hapo kwa kidole gumba cha kushoto lisitoke, na mkono wa kulia uwe unalivuta na kulishindilia kidogokidogo kwa pande zote mbili kuelekea juu. Sentimita mbili za mwisho zitagoma, hizo zinagoma kwa kila mtu, chukua kadi ya zamani ya benki uitumie kusukumia pindo ndani kama unavyochomeka shuka kwenye godoro. Usivute kwa hasira, mshono ukichanika umenunua hasara. Kwa zile duara kama DT 770 za Beyerdynamic, au hata hiyo M50x ambayo ni yai, kuna ujanja mwingine, ukishachomeka pindo sehemu moja unaizungusha sponji yote taratibu huku umeivuta kidogo, pindo linajiingiza lenyewe mpaka linamaliza mzunguko.

Kuna ambazo hazina pindo kabisa. Sennheiser HD 600 na HD 650 zina ringi ya plastiki yenye vimeno, unavuta kutoka ukingoni inaachia, na kurudisha unabonyeza mpaka uskie tik, tik, tik kila upande. AKG K702 unazungusha kama mfuniko. Hedifoni nyingi za Bluetooth kama Sony WH-1000XM4 nazo ni vimeno, ila hizi za kuzima kelele nakushauri uwe makini sana: zina maiki ndani ya kikombe na zimepangwa zifanye kazi na sponji yake, ukiweka nyingine tu ya bei chee unaweza kukuta kelele ya feni ambayo zamani ilikuwa haiskiki leo inaskika. XM4 pia ina kijicho ndani ya kikombe cha kushoto kinachojua kama umevaa, kitambaa cha sponji kikikifunika kinaweza kukosea kujua kama umevaa au umevua. Kama sponji yako upande mmoja ni nene kuliko mwingine, upande mnene unakaa nyuma ya sikio, siyo mbele.

Sasa ujanja ambao ningeujua mapema nisingeaibika kwenye gari ya watu: badilisha upande MMOJA kwanza. Acha sponji ya zamani kulia, mpya kushoto, weka simu kwenye mono, yaani masikio yote mawili yapate sauti ileile (kwenye simu nyingi iko kwenye mipangilio ya ufikivu, Accessibility), afu skiliza wimbo unaoujua mpaka kikohozi cha muimbaji. Kama sponji za zamani hazijachoka sana, sauti inatakiwa ikae katikati ya kichwa. Ukiona besi imehamia kulia ujue sponji mpya inavuja au inapitisha hewa, ukiona upande mpya unachoma ujue trebo imepanda. Dakika tano tu na unajua kila kitu, bila kubahatisha kwa kumbukumbu maana masikio yanasahau haraka sana.

Zikishaingia zote mbili, vaa, piga wimbo wa besi, bonyeza vikombe kwa viganja taratibu. Besi ikiongezeka sana ukibonyeza, kuna mahali panavuja: pindo halijaingia sawa, au ni miwani. Mikono ya miwani inanyanyua sponji pale nyuma ya sikio, wa miwani nene mtapata nafuu na sponji ya memori, ile ukiibonyeza inarudi taratibu, inajikunja kuzunguka mkono wa miwani. Dada zangu wa ushungi, kitambaa kikipita kati ya sponji na kichwa nako kunavuja, kile chepesi na kilicholala bila makunyanzi kinavuja kidogo kuliko kizito kilichokunjwa.

Usiihukumu siku ya kwanza lakini. Sponji mpya ni ngumu, inahitaji kama wiki moja au mbili za kuvaliwa mpaka ilale vizuri kwenye kichwa chako, ndo uguse ikwalaiza. Ukimaliza kuitumia ifute na kitambaa chenye unyevu kidogo, siyo spiriti, spiriti inaikausha inapasuka mapema, na usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Zile sponji za zamani mi naziweka kwenye bahasha na nimeandika juu vipimo vyake na tarehe, zikiisha hizi naenda nazo dukani mkononi, muuzaji akisema "inaingia zote" namuwekea ile ya zamani juu ya kaunta.