SOMO: Jinsi ya kusoma chati za nyimbo za 1955 mpaka 1959 (na majibu ya maswali ya wadau)

Wakuu habari zenu. Leo nataka tukae na jambo moja ambalo kila siku naona watu wanalikosea, nalo ni hizi chati za nyimbo za zamani, zama za akina Elvis Presley, Fats Domino, Ricky Nelson na wenzao. Mtu anakwambia "huu wimbo ulikuwa namba moja Marekani 1957" halafu anaondoka zake, hasemi namba moja kwenye orodha ipi wala nani aliyehesabu. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo mpaka siku niliyobishana na baba mdogo.

Babu alikuwa baharia na aliacha sanduku la santuri alizonunua huko meli zilikokuwa zinatia nanga. Sasa hivi analitunza baba mdogo. Ndani yake kuna kasahani kadogo ka lebo ya Capitol, ile ya rangi ya zambarau, wimbo unaitwa Young Love, mwimbaji Sonny James. Baba mdogo akasema huu mwanangu ulikuwa namba moja kule Marekani mwanzoni mwa 1957. Mimi nikafungua simu, nikaona namba moja ni Young Love kweli lakini ya Tab Hunter, nikamwambia baba umechanganya waimbaji. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Baadaye nimeenda kulitafuta jarida lenyewe la wakati ule nikalisoma ukurasa kwa ukurasa, nikakuta sote wawili tulikuwa sahihi, na ikabidi nirudi kumwomba radhi. Somo hili limetokana na hapo.

HATUA YA 1: Jua unasoma orodha ipi

Billboard lilikuwa jarida la wafanyabiashara, yaani wenye maduka ya santuri, wenye redio, wenye mashine za muziki, na mpaka katikati ya 1958 lilikuwa linatoa orodha kadhaa kwa wiki moja. Kuna Best Sellers in Stores, hii ni ya santuri zilizouzwa madukani. Kuna Most Played by Jockeys, hizi ni nyimbo ambazo ma-DJ wamezipiga sana redioni. Kuna Most Played in Juke Boxes, yaani zile mashine za kwenye mabaa na migahawa unatumbukiza sarafu unachagua wimbo. Halafu kuna Top 100, iliyoanza Novemba 1955, ambayo ilichanganya zote hizo pamoja.

Ukizitazama vizuri utaona hao ni watu tofauti kabisa. Anayenunua santuri ana hela na ana gramafoni nyumbani, anayesikiliza redio anapewa alichochagua DJ, na kijana ambaye hana gramafoni na redio ya mtaani kwao haitaki kupiga rock and roll, yeye kura yake iko kwenye ile sarafu. Kwahiyo ile orodha ya mashine ilipofutwa Juni 1957 mimi naona kuna sauti ilizimwa pale, ingawa wengi wanaipita tu kama habari ndogo.

Sasa rudi kwa Young Love. Tab Hunter alishika namba moja kwenye orodha ya mauzo. Sonny James, wimbo uleule, alishika namba moja wiki moja kwenye orodha ya ma-DJ. Ndo hivyo baba mdogo alikuwa na haki yake.

HATUA YA 2: Angalia tarehe, hasa kama ni kabla au baada ya 4 Agosti 1958

Siku hiyo ndo Billboard walianzisha Hot 100, orodha moja ya mauzo na redio kwa pamoja, ndo hiyohiyo ipo mpaka leo. Namba moja ya kwanza kabisa ni Poor Little Fool ya Ricky Nelson. Namba 2 Patricia ya Perez Prado, namba 3 Splish Splash ya Bobby Darin, namba 4 Hard Headed Woman ya Elvis, na ukishuka mpaka namba 10 unamkuta Peggy Lee na Fever.

Lakini ukirudi nyuma wiki moja tu, toleo la 28 Julai, Patricia ndo ilikuwa namba moja kwenye Top 100 na kwenye orodha ya ma-DJ, na hizo orodha mbili zikafia hapohapo. Huyu Perez Prado ni Mkyuba, mtu wa muziki wa dansi unaoitwa mambo, wazee wetu waliokulia kwenye santuri za Kikyuba watamwelewa haraka kuliko hata huyo Ricky Nelson. Kwahiyo ukisoma tu kwamba "Hot 100 ilianza na Ricky Nelson" unaweza kudhani yeye ndo alikuwa juu kipindi chote kile kumbe kuna mtu alikuwa ameketi kwenye kiti wiki iliyopita. Halafu orodha ya mauzo peke yake iliendelea mpaka Oktoba 1958, maana yake hapo katikati bado unaweza kukuta nyimbo mbili za namba moja.

HATUA YA 3: Tafuta nani mwingine aliimba wimbo huohuo

Hatua hii naomba msiikimbie manake ndo yenye uchungu wenyewe.

Enzi zile wimbo ukianza kufanya vizuri, kampuni nyingine inamwingiza mwimbaji wake studio anaurudia haraka haraka, siku chache tu sahani iko sokoni. Na mara nyingi aliyeanza ni mwimbaji mweusi wa lebo ndogo, aliyerudia ni mzungu mwenye lebo yenye nguvu ya kufika kila duka. Chukua Tutti Frutti. Ya Little Richard mwenyewe, unajua ile sauti inavyopasua, kwenye chati ya pop, yaani hizi za jumla tulizozisema, ilifika namba 17. Pat Boone akairudia kwa sauti ya upole, yake ikafika namba 12. Mwaka uliotangulia, 1955, Ain't That a Shame ya Fats Domino ilifika namba 10 kwenye pop, na ya Pat Boone ikawa namba moja. Lakini ukifungua chati ya Rhythm and Blues, ambayo ilihesabu maduka na mashine za mitaa ya watu weusi, Fats Domino amekaa juu wiki 11! Wiki kumi na moja wakuu. Sasa mtu anayekuandikia historia kwa kutumia chati ya pop peke yake anakwambia nini kuhusu Fats Domino? Anakwambia alikuwa wa kumi.

Hata ile Fever niliyoitaja hapo juu, kabla ya Peggy Lee aliiimba Little Willie John mwaka 1956 na ikawa namba moja kwenye hiyo chati ya Rhythm and Blues (R&B). Mtunzi wa wimbo alikuwa analipwa kwa kila sahani, iwe ya huyu au ya yule, lakini mwimbaji wa kwanza hapati kitu kwenye sahani ya mwenzake. Ndo maana mimi nasema ukiona wimbo wa miaka hiyo kwenye pop, kabla hujasifu, fungua na R&B ya wiki hiyohiyo uweke pembeni. Hilo jina lenyewe lilianza 1949, kabla ya hapo walikuwa wanaiita chati ya Race Records.

Kufika 1957 na 1958 mambo yalikuwa yameanza kuchanganyikana, Sam Cooke anakuwa namba moja pop na You Send Me, na huku Elvis na Everly Brothers wanaongoza R&B. Kwahiyo ukuta ulikuwa na matundu pande zote mbili.

HATUA YA 4: Uingereza ni hesabu nyingine kabisa

Kule chati ilianzishwa na gazeti la New Musical Express tarehe 14 Novemba 1952. Mtu mmoja wa gazeti, Percy Dickins, alikuwa anapiga simu kwenye maduka kama 20 hivi anauliza nini kinauzika, anajumlisha, basi. Ile chati ya kwanza ilikuwa na nafasi 12 lakini nyimbo 15 sababu zingine zilifungana. Kufungana huko kuliendelea, mfano 1 Februari 1957 namba moja walikuwa wawili, Guy Mitchell na Singing the Blues, na Frankie Vaughan na The Garden of Eden. Na huyo Guy Mitchell mwezi uliotangulia, Januari, alikuwa amepokonyana namba moja na Tommy Steele, wote wanaimba Singing the Blues ileile. Baadaye magazeti mengine nayo yakaleta chati zao, Record Mirror, Melody Maker, Disc, kwahiyo ukisikia "namba moja Uingereza 1958" uliza gazeti gani.

HATUA YA 5: Namba ya chati si idadi ya santuri

Fupi tu hapa. Duka lilikuwa linasema "huu unaongoza, huu wa pili", hakuna mashine ya kuhesabu kila sahani, mambo ya kompyuta kuhesabu mauzo Billboard wameanza 1991. Na redio nayo ilikuwa na hongo, DJ anapewa bahasha apige wimbo fulani, mpaka Bunge la Marekani likaanza kuchunguza mwishoni mwa 1959 na Alan Freed, DJ maarufu kuliko wote wa rock and roll, akapoteza kazi. Kama unataka angalau ushahidi wa mauzo angalia sahani za dhahabu za RIAA, chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, zilianza 1958 na wimbo wa kwanza kupewa ni Catch a Falling Star wa Perry Como.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tanga: Mkuu hayo majarida ya zamani unayapata wapi, yanauzwa?

Jibu: Hapana mkuu, ya Billboard yamepigwa picha yapo Google Books bure. Andika jina la jarida na tarehe. Mpaka miezi ya mwanzo ya 1957 lilikuwa na tarehe za Jumamosi, halafu mpaka mwisho wa 1961 za Jumatatu, kwahiyo ukikosea siku hulipati. Ukilifungua usikimbilie namba moja, soma na matangazo ya lebo pembeni, yanakuonyesha nani alikuwa anasukumwa wiki ile.

Mdau wa Muscat: Ndugu yangu, Don't Be Cruel na Hound Dog za Elvis zote wanasema namba moja 1956, inakuwaje na ni sahani moja?

Jibu: Swali zuri sana. Sahani ina pande mbili, na dukani mtu hanunui upande mmoja, kwahiyo orodha ya mauzo iliziandika pamoja na zikakaa juu wiki 11. Redioni sasa DJ anapiga upande mmoja, kwahiyo huko zinatengana. Top 100, na baadaye Hot 100, ziliupa kila upande namba yake, ndo maana humo unaona sahani moja iko sehemu mbili kwenye orodha.

Mdau wa Mwanza: Elvis si alienda jeshini 1958? Mbona chati za 1959 bado yumo?

Jibu: Aliingia 24 Machi 1958. Juni akiwa likizo aliingia studio Nashville akarekodi nyimbo, lebo ikawa inazitoa moja moja yeye yuko Ujerumani. A Big Hunk o' Love imekuwa namba moja Agosti 1959 na ilirekodiwa kwenye likizo ile.

Mdau wa Nairobi: Na sisi Waafrika tulikuwa hatumo kabisa?

Jibu: Tulikuwemo, na nilikuwa nasubiri hili swali. Mwaka 1958 Tom Hark ya Elias and His Zig-Zag Jive Flutes, vijana wa Afrika Kusini wa kwela, filimbi za bati zile za mtaani, ilifika namba 2 Uingereza. Namba 2! Ilitumika kwenye tamthilia ya televisheni ya huko ndo watu wakaitaka. Lakini tazama lebo ya sahani, jina la mtunzi limeandikwa Bopape, aliyekuwa msimamizi wa kampuni, na Jack Lerole aliyepuliza filimbi na kuutunga hakuona utajiri wa namba 2. Hilo linaniuma kila nikiusikia.

Mdau wa Lubumbashi: Na Jean Bosco Mwenda wetu je?

Jibu: Masanga, wimbo wake wa gitaa, Hugh Tracey aliyekuwa anazunguka Afrika kurekodi muziki aliurekodi 1952 kule Jadotville, ndo Likasi ya leo, na wapiga gitaa mpaka Nairobi walivunja vidole kuuiga. Kwenye Billboard hutauona. Yale majarida yalihesabu maduka ya kwao tu ndugu yangu, santuri iliyouzwa Elisabethville, ndo Lubumbashi ya leo, au Mombasa haikuwa kwenye simu za mtu yeyote.

Mdau wa Zanzibar: Baba mdogo alisemaje ulipomwomba radhi?

Jibu: Nilimsomea ukurasa ule wa Februari 1957, orodha ya ma-DJ. Akaniambia rudia tena, nikarudia. Akaleta ile sahani ya zambarau. Santuri za Marekani za namna ile zina tundu kubwa katikati, haziingii kwenye gramafoni ya kawaida, na babu alichonga kigurudumu cha mti cha kuziba lile tundu, bado kipo, kimekuwa cheusi kwa mafuta ya mikono. Baba mdogo akakipachika, akaweka sindano, tukausikiliza wote mpaka mwisho, halafu akaugeuza upande wa pili.