Namna ya Kuingiza Roboti Ghalani Bila Kuvuruga Kazi

Anayetaka kutumia roboti ghalani hana budi kuanza na kazi ambayo wengi huikwepa, nayo ni kusahihisha hesabu ya bidhaa. Mtunza ghala mzoefu akikuta rafu tupu hukumbuka kwamba yale maboksi yalihamishwa juzi, lakini roboti hufuata tu kumbukumbu zilizomo katika programu ya usimamizi wa ghala, na kumbukumbu hizo zikiwa na kosa, italirudia kosa hilo kutwa nzima bila kusita. Kwa hiyo, kabla hujazungumza na muuzaji yeyote wa mashine, ipe kila sehemu ya rafu namba yake, bandika msimbo pau (barcode) kwenye kila bidhaa, kisha kila siku hesabu fungu dogo la bidhaa na ulilinganishe na kilichoandikwa kwenye mfumo, mpaka tofauti zipungue na sababu za zilizobaki zijulikane.

Baada ya hapo, pima kazi yenyewe. Fuatana na mkusanyaji wa oda kwa zamu nzima, ukiwa umemweleza waziwazi kwamba kinachopimwa ni kazi wala si yeye, na uandike dakika anazotumia kutembea, kutafuta, kuchukua na kufungasha. Katika maghala ambayo wafanyakazi huzifuata bidhaa kwa miguu, kutembea ndiko hula sehemu kubwa ya muda, na ndiyo maana roboti za Kiva, kampuni ya Marekani, zilibuniwa ziinue rafu nzima na kumpelekea mfanyakazi pale aliposimama. Amazon iliinunua kampuni hiyo mwaka 2012 kwa dola milioni 775. Hata hivyo, vipimo vyako vikionyesha kwamba kazi hukwama kwenye meza ya kufungashia au mlangoni pa kupakilia malori, roboti za aina hiyo zitarundika mzigo kwa kasi zaidi mahali palepale palipokwisha kuelemewa.

Aina ya mashine ifuate vipimo hivyo. Mkanda wa kusafirishia mizigo unafaa pale mzigo unapopita njia ileile kwa wingi usiobadilika sana, kwa kuwa ukishafungwa sakafuni ni vigumu kuuhamisha. Magari yasiyo na dereva yanayofuata mstari au sumaku za sakafuni ni rahisi kuyatabiri, ila hukwama likiachwa boksi njiani. Zile roboti zinazojichorea ramani kwa vihisi vya leza huweza kulizunguka. Kuhusu mikono ya roboti ya kuchagua bidhaa mojamoja, nashauri tahadhari, kwani mifuko laini na plastiki zinazong'aa bado huisumbua, na mkono wa binadamu huzishika bila shida.

Usibadilishe ghala zima kwa mkupuo. Uwanja wa ndege wa Denver, nchini Marekani, ulijaribu kukabidhi mizigo ya abiria kwa mfumo mmoja mkubwa wa otomatiki. Ufunguzi uliopangwa mwaka 1993 ukacheleweshwa hadi Februari 1995, mfumo ukatumika kwa sehemu tu, na mwaka 2005 ukaachwa kabisa. Anza na eneo moja lenye bidhaa zinazotoka sana, huku maeneo mengine yakiendelea kama kawaida, na ukague kwanza kwamba sakafu haina nyufa wala mabonde, na kwamba mtandao usiotumia waya unafika hadi kwenye kona za nyuma ya rafu za chuma.

Usalama haupaswi kusubiri siku ya majaribio. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3691-4 kinahusu magari ya viwandani yasiyo na dereva, nawe mtake muuzaji akuonyeshe kwa maandishi jinsi mashine zake zinavyokidhi. Tenganisha njia za watu na za mashine kila inapowezekana, na hakikisha kila mfanyakazi, pamoja na dereva wa lori anayeingia kwa muda mfupi, anajua kilipo kitufe cha kusimamishia mashine kwa dharura.

Mwisho, andaa utaratibu wa kutoa mzigo mfumo unapozimika: orodha za karatasi, ngazi, mikokoteni, na watu wanaojua kuvitumia. Ujaribuni pamoja kabla ya msimu wa oda nyingi kuanza, wala msisubiri mpaka muwe katikati yake.