Homa ya mutoto imefika siku ya tano? Angalia na moyo

Hapa Goma mutoto akipata homa tunawaza palu (malaria) kwanza, na ni sawa, mumupeleke bamupime. Lakini kama kipimo inasema hakuna palu, antibiotiki amekunywa, na siku ya tano homa iko vilevile, uliza munganga juu ya ugonjwa ya Kawasaki. Inavimbishaka mishipa ya damu, zaidi ile yenye kulisha moyo, na inapata sana batoto ba chini ya miaka 5. Bila dawa, karibu mutoto 1 kwa 4 mishipa ile inatuna, damu inaweza kuganda mule, kisha miaka mingi kijana muzima anaanguka na krizi ya moyo na bantu banasema balimuloga.

Andika siku homa ilianza, juu yote inahesabiwa kuanzia pale. Kila asubuhi muvue nguo kwa mwangaza wa dirisha: macho yote mbili nyekundu bila matongotongo (kama iko na mafua na kikohozi, inaweza kuwa surua), midomo imepasuka, ulimi nyekundu yenye vipele, mikono na miguu imevimba, tezi ya shingo upande moja, na vipele kwa mwili, kwa ngozi nyeusi havionekanake vizuri, pitisha mukono utavisikia. Angalia na pale balimuchomaka BCG (chanjo ya kifua kikuu), ile kovu ikiwa nyekundu na imevimba onyesha munganga, wengi banaipitaka tu.

Alama haziji zote pamoja, moja inakuja ingine imeisha, njo maana piga picha na telefone, tarehe inabaki mule. Usingoje vidole vianze kubambuka ngozi, ile ni wiki ya pili ao ya tatu, umeshachelewa. Na katoto ka chini ya miezi 6 kanaweza kuwa na homa na alama moja tu, na bale njo mishipa yabo inaharibika zaidi.

Kwa lopitali omba ekografi ya moyo (mashine inaonyesha picha ya moyo). Dawa ni imunoglobulini (kinga ya mwili yenye kutoka kwa damu ya bantu) ya kupitisha kwa mushipa, gramu 2 kwa kila kilo ya mutoto, mbele ya siku ya 10, pamoja na aspirini. Bei yake ni kali kabisa, ita famili mapema, msingoje munganga aandike ndiyo muanze kutafuta. Aspirini usimupe wewe mwenyewe nyumbani, kama iko na grippe (mafua makali) ao tetekuwanga inaweza kuharibu ubongo na maini.

Homa ikiisha, ekografi irudiliwe kisha wiki 1 ao 2, na tena wiki ya 4 mpaka ya 6, hata kama anakimbia na benzake. Chanjo ya surua inangoja miezi 11 kisha imunoglobulini, muandikishe kwa karti yake.