Bakuli la Zawadi la Magazeti Makuukuu: Kazi ya Mikono Kabla ya Likizo ya Desemba

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu wa Gredi ya 3, aliyetaka wanafunzi wake wafunge muhula wa tatu wakiwa na kitu cha kumpelekea nyanya au babu watakaposafiri mashambani. Nilimshauri achague bakuli la magazeti badala ya mapambo ya Krismasi, kwa kuwa madarasa yetu ya Nairobi yana watoto wa dini mbalimbali na zawadi ya bakuli haimtengi yeyote.

Hatua ya kwanza ni vifaa: magazeti makuukuu, unga wa ngano, mafuta ya kujipaka, rangi za maji, na bakuli dogo la plastiki ambalo kila mtoto ataazima nyumbani. Kataa majarida yenye karatasi za kung'aa, kwa maana hazinyonyi gundi. Kataa pia kutumia puto badala ya bakuli la plastiki, kwani kipande cha puto lililopasuka kinaweza kumkaba mtoto. Gundi nyeupe ya dukani ni ghali bure kwa darasa kubwa, na ile ya unga inashika vizuri.

Hatua ya pili ni kupika gundi hiyo. Koroga kikombe kimoja cha unga katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha uumimine mchanganyiko huo katika vikombe vitatu vya maji yanayochemka, ukikoroga kwa dakika mbili au tatu hadi ufanane na uji mwepesi. Tia kijiko cha chumvi ili isiote kuvu upesi, na uiache ipoe kabisa. Iwapo kuna mtoto mwenye mzio wa ngano, tumia unga wa muhogo kwa darasa zima ili asitengwe.

Hatua ya tatu, watoto wapake mafuta upande wa nje wa bakuli na kubandika vipande vya gazeti. Vipande vichanwe kwa mkono, visikatwe kwa makasi, kwa sababu kingo zilizochanwa hulala vizuri juu ya zenzake.

Hatua ya nne, kukausha, ndiyo inayoharibu kazi za watu wengi, nami naomba uisome mara mbili. Shule hufungwa karibu na mwisho wa Oktoba, wakati mvua za vuli zimeanza au ziko karibu, na hewa ya Nairobi asubuhi huwa na unyevu mwingi. Kwa hiyo anza wiki mbili kabla, na uanze Jumatatu, ili bakuli bichi lisifungiwe darasani wikendi nzima. Siku ya kwanza bandikeni tabaka mbili tu, kila kipande kikiwa kimekamuliwa gundi ya ziada kati ya vidole viwili, kwa kuwa tabaka nyingi zikibandikwa kwa pamoja sehemu ya nje hukauka na kuufungia unyevu ndani, kisha kuvu na harufu mbaya hufuata. Mabakuli yawekwe kifudifudi juu ya chupa karibu na dirisha ili hewa ipite chini yake, wala yasiwekwe kabatini au sakafuni. Sehemu ya nje ikikauka, chomoa bakuli la plastiki ili ndani nako kupate hewa, na baada ya hapo ndipo muongeze tabaka mbili nyingine. Kujua kama limekauka, liguse kwa shavu: likiwa baridi, bado lina maji. Usithubutu kuharakisha kwa jiko la makaa ndani ya darasa, kwa maana moshi wake una sumu isiyoonekana. Jina la mtoto liandikwe kwa penseli na kubandikwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu mabakuli mabichi yote hufanana.

Hatua ya tano ni rangi. Pakeni nyeupe kwanza ili maandishi ya gazeti yafichike, kisha kila mtoto achague mwenyewe. Mwalimu asiyarekebishe mapambo ya mtoto hata kama mistari imepinda.

Siku ya kufunga, kila mtoto atie ndani njugu karanga au barua fupi aliyoiandika, na abebe bakuli lake katika mfuko wa karatasi au kiondo, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017.