Kutazama Mawingu kwa Rada ya Ardhini

Rada hailioni wingu kama jicho linavyoliona. Kipenyo cha tone kikiongezeka mara 10, mwangwi wake, yaani mawimbi yanayorudi kwenye rada, huongezeka mara milioni. Kwa hiyo tone moja la manyunyu lenye mikromita 200 hung'aa kwenye rada sawa na matone milioni ya wingu yenye mikromita 20. Makosa mengi ya kusoma picha huanzia hapo.

Rada za mvua, zenye mawimbi ya sentimita 3 hadi 10, huyakosa mawingu mengi membamba. Kwa mawingu tumia gigahezi 35 (wimbi la milimita 8.6) au 94 (milimita 3.2). Ile ya 94 hutosheka na antena ndogo, lakini mvua huidhoofisha haraka. Penye mvua kubwa za mara kwa mara, 35 ni bora.

Ifunge juu ya msingi wa zege, kisha usione haya kurudiarudia pimamaji. Antena inayotazama juu ikiinama nyuzi 1 tu kuelekea upepo unakotoka au unakokwenda, upepo wa mita 20 kwa sekunde huingiza kosa la sentimita 35 kwa sekunde kwenye kasi ya wima. Matone ya wingu yenyewe huanguka kwa sentimita chache tu kwa sekunde, hivyo kosa hilo humeza kipimo chote. Pima tena baada ya wiki kadhaa, kwani msingi mpya hutitia.

Pigo la mawimbi la nanosekunde 200 hukupa hatua za mita 30 kwenda juu. Ukituma mapigo 5,000 kwa sekunde, utaona hadi kilomita 30 bila mwangwi wa pigo moja kuingiliana na linalofuata, na hiyo yatosha kabisa. Kikwazo ni kasi: kwa mpangilio huo, gigahezi 35 husoma hadi mita 10.7 kwa sekunde, 94 hadi mita 4 tu. Kasi inayopita kikomo husomwa kana kwamba inaelekea upande wa pili: mvua inayoshuka kwa mita 6 itaonekana kwenye rada ya 94 kana kwamba inapanda kwa mita 2. Ukiona mvua "inapanda" ghafla, shuku hilo kwanza.

Usiamini nguvu ya mwangwi wa karibu sana. Kwa antena ya kipenyo cha mita 1, mwale hukamilika umbo baada ya mita 230 hivi kwa gigahezi 35, na zaidi ya mita 600 kwa 94.

Maji juu ya kifuniko cha antena ni adui mkubwa kuliko wingi wa mawingu. Utando mwembamba tu hupunguza mwangwi wa anga yote, na wingu la juu litaonekana limepungua ilhali halijabadilika. Weka feni ya kupuliza kifuniko, pamoja na kipimamvua kando, ili data za saa za mvua zitiwe alama.

Wadudu nao hujaza kilomita 2 za chini siku za joto. Huonekana kama vitone vilivyotawanyika hata mbingu ikiwa haina wingu. Rada inayopokea pia mwangwi uliogeuka mkao (mawimbi yanayorudi yakitikisika upande tofauti na yalivyotumwa) huwatambua kirahisi: mwili mrefu wa mdudu huugeuza sana, tone la mviringo karibu haliugeuzi.

Kitako cha wingu usikitafute kwa rada peke yake. Manyunyu yakianza, mwangwi huteremka chini ya wingu na kitako hupotea. Weka kando yake kifaa cha leza kinachopima kimo cha kitako: leza huonyesha wingu linapoanzia, rada huonyesha linapoishia juu.