Mzee akirudi nyumbani na mpira wa mkojo: namna ya kumhudumia hadi siku ya kuutoa

Juzi usiku kijana wa jirani yetu hapa Chumbageni, Tanga, alinipigia simu: "Kaka, mzee karudi toka Dar na mpira wa mkojo, na mimi hata pa kuushika sipajui." Nikaenda, tukakaa na baba yake mpaka saa tano. Yote niliyomwonyesha nilijifunza nikimuuguza baba yangu, alipofanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi dume yote kwa sababu ya saratani.

Kwanza ujue kilichomo mwilini. Mpira umepita njia ya mkojo hadi kwenye kibofu, na karibu na ncha yake kuna puto dogo lililojazwa maji, mara nyingi mililita 10. Puto hilo ndilo linalouzuia usichomoke. Baada ya tezi kuondolewa, kibofu kimeshonwa upya na njia ya mkojo, na mpira unapitisha mkojo, kisha mrija unaupeleka kwenye mfuko ulio nje, huku mshono ukipona. Kwa kawaida hukaa wiki moja hadi mbili.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoka wodini

Uliza mpira utatolewa tarehe ngapi, na usiku mkikwama mpigie nani. Sisi tuliambiwa tu "mtarudi kliniki", na tulikuja kuijutia haraka ile. Dai karatasi ya ruhusa inayotaja aina ya upasuaji. Ukilazimika kukimbilia hospitali ya Bombo usiku, daktari wa zamu lazima ajue kwamba huyu ana mshono mpya ndani kabla hajaugusa mpira.

Hatua ya 2: Safari

Mwaga mkojo kabla ya kupanda basi, na kila basi linaposimama. Mfuko uwe chini miguuni, usiwekwe mapajani. Mkishuka stendi ya Kange chukueni teksi au bajaji. Bodaboda hapana.

Hatua ya 3: Mavazi na usafi

Mvalishe msuli, suruali iacheni kabatini. Msuli haubani mrija na unakurahisishia kuangalia. Mpira ubandikwe pajani kwa plasta, ukiacha ulegevu kidogo ili akigeuka usivutike. Usiufunge kwa kitambaa kuzunguka paja zima, maana kitamkaba.

Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Mara mbili kwa siku osha pale mpira unapoingilia kwa maji na sabuni ya kawaida, ukifuta mpira kuanzia mwilini kwenda nje. Spiriti na dawa za vidonda usizitie pale, zitamchubua. Baba siku ya kwanza alikataa nisimguse, nikamwachia kitambaa na sabuni akajiosha mwenyewe, mimi nimemshikia beseni nikiwa nimegeukia ukutani. Tulikwenda hivyo hadi mwisho.

Hatua ya 4: Kumwaga mkojo

Mwaga mfuko ukifika nusu au ukizidi kidogo. Fungua koki, mimina kwenye kopo lenye alama za vipimo, funga, andika saa na kiasi. Daftari hilo ni muhimu kuliko unavyodhani. Mfuko usitandazwe sakafuni na usipande juu ya kibofu hata akiwa anatembea. Mimi napenda kuutundika ndani ya ndoo ndogo safi. Maungio ya mpira na mrija usiyaachanishe hovyo, vijidudu hupitia hapo.

Hatua ya 5: Usiku, na mkojo ukigoma kutoka

Hapa soma polepole.

Usiku wa tatu nilimwaga mfuko saa nne, nikachomeka chandarua vizuri pande zote, nikaenda kulala. Saa nane mama akanigongea. Baba alikuwa anatoka jasho, tumbo chini ya kitovu limekaza, msuli umelowa, na mfuko hauna kitu. Nikafungua koki, nikaifunga. Nikabadili mfuko. Nikampa maji anywe, kosa kubwa, maana nilikuwa nakijaza kibofu kilichokwisha kujaa. Saa kumi kasoro mama akachomoa chandarua ili tumsimamishe, na mkojo ukaingia mfukoni kwa nguvu hata mrija ukatikisika. Nilipochomeka chandarua nilikuwa nimeusukuma mrija pamoja nacho kati ya godoro na mbao ya kitanda. Ulibaki na mkunjo mweupe mahali ulipobanwa.

Kwa hiyo, upande wenye mfuko usichomeke chandarua. Kiache kining'inie hadi sakafuni, na ndoo yenye mfuko iwe ndani ya pindo lake. Mrija upite juu ya ukingo wa godoro, ushuke bila kitanzi kinachoning'inia chini ya mfuko. Kila akigeuka usiku, pitisha mkono kuufuata.

Mkojo ukisimama, kagua kuanzia mwilini kuja nje: je, ameulalia? Plasta imeukunja? Mrija una mkunjo? Mfuko umejaa, au umepanda juu? Mgeuze ubavu, msimamishe. Haya yote ni dakika tano. Kama bado hautoki na tumbo limejaa au linauma, nendeni hospitali saa hiyohiyo, huenda damu iliyoganda imeziba mpira. Hata asiposikia maumivu, saa mbili bila tone ilhali anakunywa maji zinatosha kukufanya upige simu.

Maumivu yanayobana na kuachia, mkojo ukivuja pembeni ya mpira huku mwingine ukiendelea kuingia mfukoni, mara nyingi ni kibofu kujikaza. Daktari ana vidonge vya hilo.

Usiuvute mpira. Usiuzibue kwa bomba la sindano kama hukufundishwa na kuagizwa. Na usikubali mtu wa mtaani akubadilishie. Usiku ule kabla mrija haujafunguka, muuza dawa mmoja alijitolea kuja kuweka mwingine, na nilikuwa nimeshamwambia njoo. Asubuhi daktari aliyempasua baba akaniambia kwamba mpira mpya ukisukumwa bila kuona unaweza kuuchana mshono. Ukichomoka wenyewe, nendeni hospitali na ile karatasi.

Hatua ya 6: Maji, choo, damu na homa

Anywe maji kama lita 2 kwa siku, isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo au figo, hapo muulize daktari. Choo kigumu ni adui, kwa sababu akijikamua anatonesha mshono. Mpe papai, mchicha, tembele, na dawa ya kulainisha choo aliyoandikiwa. Usimtie kitu chochote kupitia njia ya haja kubwa.

Mkojo kuwa na rangi ya juisi ya rosela iliyozimuliwa, hasa baada ya kutembea au kwenda chooni, ni kawaida. Ukiwa mwekundu mzito au wenye mabonge, nendeni. Na homa ya nyuzi 38 au kutetemeka, usiseme ni malaria ukanunua dawa dukani. Mtu mwenye mpira akipata homa anapimwa mkojo pia.

Hatua ya 7: Sala na baraza

Hili ndilo lililomuumiza baba kuliko kidonda. Shehe wetu alikuja akamweleza kwamba yeye ni mwenye udhuru: wakati wa sala ukiingia amwage mfuko, ajisafishe, atawadhe, asali, na kila faradhi udhu wake. Akawa anasali kwenye kiti. Mama alimpatia kikapu cha ukili chenye mfuniko, mfuko ukakaa humo karibu na miguu yake, na jioni akatoka barazani kucheza bao na wenzake.

Hatua ya 8: Siku ya kuutoa

Wananyonya maji ya puto kwa bomba la sindano, kisha mpira unateleza nje. Ni muda mfupi sana. Beba nepi za watu wazima na misuli miwili ya kuvaa ya akiba, maana mkojo utavuja, na kwa wengi huvuja kwa wiki au miezi. Mazoezi ya kubana misuli, kama mtu anayezuia mkojo, yaanze mpira ukishatoka, siyo kabla. Tandika nailoni chini ya shuka mapema, mzee akirudi akute kitanda tayari.