Tairi za winta au za misimu yote: chagua mapema, theluji haijaanguka

Kama umehamia Winnipeg, Minneapolis, Buffalo, Edmonton au popote huko kwenye baridi na umeshapata kigari chako, suala la tairi usingoje theluji ianguke ndo uanze kuuliza. Ikianguka ile ya kwanza tu gereji zote zinajaa siku hiyo hiyo, simu hazipokelewi, saizi yako imeisha, unapewa apointimenti ya wiki mbili mbele na kazini wanakutaka saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa tisa mwishoni au wa kumi mwanzoni ndo wakati wake, hapo saizi zote zipo na fundi ana muda wa kukusikiliza.

Tuanze na kitu kinachowadanganya wengi. Sisi tukiona gari imetoka ilipopaki ikapanda kilima tunasema tairi ziko poa. Kwenye theluji kuondoka si tatizo kubwa, tatizo ni kusimama na kukata kona. Na hapo ndo mwenye RAV4 au Subaru ya AWD anapojiamini kupita kiasi, maana AWD kazi yake ni kugawa nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne, kwa hiyo inakusaidia kuondoka, lakini ukikanyaga breki kila gari ina breki kwenye magurudumu manne, yenye AWD na isiyo nayo, zote zinategemea ile sehemu ndogo ya raba inayogusa chini, ambayo kwa kila tairi ni kama upana wa kiganja tu. ABS, ule mfumo wa breki unaojiendesha wenyewe ukikanyaga kwa nguvu, nayo hivyo hivyo, inazuia gurudumu lisijifunge ili usukani uendelee kukusikia, ila haiwezi kukupa mshiko ambao raba yenyewe haina. Kigari kidogo cha kuvuta mbele chenye tairi nzuri za winta kitakusimamisha vizuri kuliko jeep kubwa yenye tairi za misimu yote zilizochoka, na hili naomba ndugu zangu mlichukue kwa uzito maana watu wanaingia mtaroni kila mwaka kwa kuamini ukubwa wa gari.

Sasa tofauti yenyewe iko wapi? Kwanza kwenye raba. Raba ya tairi ya misimu yote imechanganywa ivumilie joto la kiangazi, na ikipoa inakuwa kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi, inaganda. Mpaka unaotajwa na watengenezaji wengi ni kama nyuzi 7 za Selsiasi, chini ya hapo raba ya winta inabaki laini na inaendelea kung'ang'ania lami wakati ile nyingine inazidi kukakamaa, kwa hiyo si habari ya theluji tu, hata barabara kavu ikiwa baridi kali tofauti ipo. Pili ni meno. Angalia tairi ya winta kwa karibu, ukiacha yale meno makubwa utaona juu ya kila jino kuna mikato myembamba mingi sana imepinda pinda, ukikandamiza kwa kidole inafunguka. Hiyo mikato ndo inayouma theluji na kufyonza ule utando wa maji juu ya barafu, kwa sababu barafu inayoteleza kuliko zote si ile ya baridi kali ya nyuzi 25 chini ya sifuri, ni ile iliyo karibu na sifuri yenye maji maji juu yake. Wafini haya mambo wameyaanza zamani, tairi ya kwanza ya winta ilitengenezwa Nokia huko Finland mwaka 1934 kwa ajili ya malori, na ya magari madogo ikafuata 1936, jina lake Hakkapeliitta, mpaka leo lipo madukani.

Ukifika dukani usisikilize jina, piga magoti uangalie ubavu wa tairi, kama ni giza washa tochi ya simu. Kuna alama mbili za kutafuta. Ya kwanza ni herufi M+S. Hii inaonyesha tu kwamba meno yamechorwa kwa mpangilio wa kufaa matope na theluji, haina maana tairi imewahi kujaribiwa kwenye theluji, na karibu tairi zote za misimu yote zinayo. Ya pili ni picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Ukiiona hiyo ujue tairi imepita mtihani kwenye theluji kweli. Mtu anakwambia hizi zina M+S ni za winta, mwambie asante alafu endelea kutafuta mlima.

Na hapa kuna kuchanganyana ambako kunawagharimu watu hela, maana dukani utakuta All-Season na pembeni yake All-Weather na muuzaji anazitaja kwa kasi moja. Si kitu kimoja. All-Season ndo za misimu yote za kawaida, nyingi hazina mlima. All-Weather zina mlima, zinakaa kwenye gari mwaka mzima, mfano Michelin CrossClimate 2 au Toyo Celsius, na kwa mtu wa sehemu ya baridi ya wastani hizi ni mkombozi. Ila kumbuka mtihani wa ule mlima ni wa theluji, wa barafu ni habari nyingine, kwa hiyo All-Weather na tairi halisi ya winta zote zinaweza kuwa na mlima lakini kwenye barafu hiyo ya winta, kama Bridgestone Blizzak au Michelin X-Ice, bado iko mbele.

Kwa hiyo chagua kutokana na unapoishi na unavyotembea. Kama uko Winnipeg, Edmonton, Minneapolis, Quebec, kaskazini mwa Sweden au Finland, ambako baridi inakaa chini ya sifuri miezi kadhaa mfululizo, mimi sioni mjadala, nunua za winta. Buffalo nayo naiweka humo humo japo baridi yake si kali kama ya Winnipeg, kwa sababu upepo unatoka ziwa Erie unamwaga theluji nyingi kwa masaa machache na wewe uko katikati ya barabara kuu. Kama uko Columbus, Louisville au Vancouver mjini, theluji inakuja inayeyuka, All-Weather zinakutosha kabisa. Dallas au Houston baki na misimu yote na siku barafu ikija kaa nyumbani. Alafu jiulize pia kazi yako, anayefanya shifti ya usiku kwenye ghala au anaendesha Uber anapita barabara kabla gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu halijapita, huyo hata kama mji wake ni wa wastani bora aende za winta, na anayefanya kazi nyumbani anaweza kusubiri barabara isafishwe.

Sheria nayo inaamua. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda walioko Quebec wanajua, kuanzia Desemba 1 mpaka Machi 15 gari iliyosajiliwa pale lazima iwe na tairi zenye mlima au zenye misumari, yaani vipini vya chuma vilivyochomekwa kwenye meno ili vishike barafu, faini ni dola 200 mpaka 300, kwa hiyo All-Weather inakubalika, All-Season ya M+S tupu haikubaliki. British Columbia barabara nyingi za milimani zinadai tairi za winta kuanzia Oktoba 1, M+S wanaikubali ila kina cha meno kisipungue milimita 3.5. Ujerumani hakuna tarehe maalum, ni hali ya barabara, lakini tangu Oktoba 2024 M+S peke yake haitoshi, wanataka mlima. Ontario hawakulazimishi, ila kampuni ya bima inatakiwa ikupunguzie ukifunga za winta, piga simu uwaambie maana wao hawatakutafuta. Manitoba shirika la bima la umma lina mpango wa mkopo wa riba nafuu kwa ajili ya tairi za winta, kama hela imebana anzia huko. Za misumari uliza kwanza, Ujerumani zimepigwa marufuku na Minnesota kwa mkazi wa kawaida pia.

Najua swali linalofuata ni hela. Seti mbili zinaonekana ni matumizi mara mbili, lakini ukifikiria vizuri seti moja ikiwa kazini nyingine imepumzika, kwa hiyo kila moja inadumu zaidi, unachoongeza kikubwa ni hela ya kufunga na kufungua. Njia ya kupunguza hiyo ni kununua rimu za pili za chuma, zile za kawaida zisizo na urembo, hata za mtumba, tairi za winta zikakaa humo moja kwa moja, kisha ukiwa na jeki na spana unabadilisha mwenyewe nje ya nyumba. Saizi isome kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa mfano 205/55R16, usikariri ya jirani hata kama gari zenu zinafanana. Rimu hizo zikiwa hazina sensa za upepo ile taa ya dashibodi itawaka winta nzima, kwa hiyo upepo utaukagua kwa mkono.

Na tafadhali, funga zote nne. Kuna mtu atakwambia weka mbili za mbele kwa kuwa gari inavuta mbele inatosha, hapana. Mbele itashika na nyuma itateleza, ukikanyaga breki kwenye kona mkia unakuja mbele na gari inajizungusha, na hapo umebeba watoto nyuma. Kama hela inatosha mbili tu, nunua nne za mtumba zenye hali nzuri.

Za mtumba zikague hivi. Tafuta neno DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 3522 maana yake wiki ya 35 mwaka 2022. Ikikaribia miaka kumi achana nayo hata kama meno yamejaa, raba imeshakauka. Halafu pima meno. Sheria kwingi inaruhusu mpaka milimita 1.6, hiyo ni kwa lami, kwenye theluji chini ya milimita 5 hivi tairi inakuwa imepoteza uwezo mwingi, kipimo chake kinauzwa dola chache tu. Tairi kipara yenye mlima bado ni kipara. Angalia pia mshale ubavuni, tairi nyingi za winta zina upande wa kuzungukia, ukifunga kinyume haziondoi maji na matope ya theluji inavyotakiwa.

Ukishafunga, endesha kama kilometa 80 mpaka 160 kisha kaza nati tena, zinaweza kulegea. Upepo kagua kila mwezi tairi ikiwa imepoa, kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 unapoteza kama psi 1 (psi ndo kipimo cha upepo wa tairi), kwa hiyo ukijaza siku ya nyuzi 10 na ikafika 20 chini ya sifuri umeshapungukiwa na psi 5 bila pancha yoyote.

Kuzitoa usiwe na haraka, Aprili theluji bado inarudi sehemu nyingi, subiri asubuhi zizoee kuwa juu ya nyuzi 7. Ila usizipitishe kiangazi, raba laini kwenye lami ya moto inaisha upesi na gari inachukua umbali mrefu zaidi kusimama. Zioshe chumvi, zikauke, andika kwa chaki ilikotoka kila moja, kushoto mbele, kulia nyuma, zifunge kwenye mifuko ya plastiki na uziweke mbali na jua na boila. Zenye rimu laza moja juu ya nyingine, zisizo na rimu zisimamishe.